Nchi za Kubuni, Nyakati Zisizobuniwa: Riwaya ya Kesho katika Usomaji wa Vijana wa Kiswahili

Mwaka 1951 kampuni ya Thomas Nelson ilichapisha Kusadikika, riwaya fupi ya Shaaban Robert kuhusu nchi inayoelea angani. Raia mmoja wa nchi hiyo, Karama, anafikishwa mbele ya baraza kwa kosa la kutaka kueneza elimu ya sheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya nchi za wengine, na kila mmoja akatiwa kifungoni kwa sababu ya maarifa aliyoyaleta. Dola inayoogopa habari, mashitaka yanayogeuza elimu kuwa jinai, mtu mmoja anayesema peke yake mbele ya umati: hizi ndizo nguzo za riwaya ambayo wahakiki wa leo huiita ya kidistopia, yaani riwaya inayosawiri jamii ya kubuni iliyogeuka gereza la watu wake. Kiswahili kilikuwa nayo miaka 42 kabla ya Lois Lowry kuchapisha The Giver nchini Marekani na miaka 57 kabla ya Suzanne Collins kuchapisha The Hunger Games.

Ulinganisho huu haukusudiwi kudai utangulizi, kwani mashindano ya namna hiyo hayana faida kubwa kwa mtafiti. Unakusudiwa kuibua swali la kihistoria. Ikiwa mbegu ilikuwapo mapema hivyo, na ikiwa Kusadikika ilisomwa shuleni na vizazi kadhaa, kwa nini kijana wa leo wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayependa riwaya za kisayansi na za jamii za kesho huzitafuta kwa Kiingereza? Makala haya yanadai kwamba jibu halimo katika uhaba wa vipaji wala katika udhaifu wa lugha. Limo katika njia ambayo vitabu vimekuwa vikimfikia kijana, na katika jinsi alivyofundishwa kuvisoma.

Vitabu vya mwanzo na mikono iliyovileta

Msomaji kijana wa Kiswahili aliandaliwa kwanza na tafsiri. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na katika miaka ya mwanzo ya 1930 akaongeza Safari za Gulliver. Mwaka 1940 ilifuata Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, kamati iliyokuwa na jukumu la kusanifisha lugha na kupitisha vitabu vya shule. Mtu aliyefasiri, ofisi iliyoidhinisha na shule iliyonunua walikuwa karibu sana. Mapendekezo ya kusoma yalizaliwa ndani ya serikali, na tabia hiyo haikubadilika sana baada ya bendera kubadilika.

Hata hivyo tafsiri hizo zilifanya jambo moja jema. Zilimzoesha msomaji safari ya kwenda nchi isiyokuwapo, ambako mizani ya mambo imepinduliwa. Anayesoma Kusadikika baada ya Safari za Gulliver huona undugu, ingawa Shaaban Robert alichota pia katika masimulizi ya Mashariki na katika mapokeo ya mawaidha ya Waswahili. Alichokifanya yeye ni kuigeuza safari hiyo kuwa kesi mahakamani.

Mwaka 1967 una uzito wa pekee katika historia hii. Miaka mitano baada ya kifo cha mwandishi, Kufikirika ilichapishwa, na mwaka huohuo East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell. Kwa hiyo, katika mwaka wa Azimio la Arusha, msomaji wa Kiswahili aliweza kuweka mezani vitabu viwili vinavyouliza dola hutenda nini na akili za raia wake. Kufikirika, hasa, inastahili kutazamwa upya na washauri wa sera: mwalimu wa mwana wa mfalme, Utubusara Ujingahasara, anafukuzwa kazi kwa kuamini kwamba mtoto hawezi kufunzwa vema bila michezo. Riwaya hiyo imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Ni nadra orodha ya mtihani kubeba kitabu kinachoihoji elimu yenyewe kwa uwazi kiasi hicho.

Mtihani kama mpendekezaji

Katika nchi nyingine mpendekezaji alikuwa mtu wa namna tofauti. Nchini Marekani, kampuni ya Scribner ilichapisha riwaya 12 za kisayansi za Robert Heinlein kwa vijana kati ya 1947 na 1958, na soko lake kuu lilikuwa maktaba za shule na za umma. The Giver ilipata Nishani ya Newbery mwaka 1994, tuzo ambayo hutolewa na chama cha wakutubi na huamuliwa na kamati yao. Kitabu hichohicho kilipingwa na wazazi katika wilaya kadhaa, na wakutubi wakakitetea. Mkutubi humpa kijana kitabu bila kumtaka alete majibu. Kijana akikichoka, hukirudisha na kuomba kingine. Akikipenda, humwambia mwenzake.

Afrika Mashariki mpendekezaji mkuu amekuwa mtihani. Jambo hili lina faida ambazo hazifai kubezwa: bila orodha ya vitabu teule, wachapishaji wengi wa riwaya za Kiswahili wangefunga milango, na maelfu ya vijana wasingewahi kumaliza riwaya hata moja katika lugha hii. Lakini mtihani una namna yake ya kusoma. Hutaka dhamira zitajwe, wahusika waainishwe, fani itenganishwe na maudhui. Kwa riwaya ya nchi ya kubuni hutaka pia ufunguo, yaani nani ni nani. Kusadikika ni Tanganyika ya kikoloni na Majivuno ni mtawala. Nguruwe wa Orwell ni viongozi wa mapinduzi ya Urusi. Majibu hayo si makosa. Tatizo ni kwamba yakishatolewa, kitabu kinafungwa, na hofu iliyomo inabaki kuwa hofu ya watu waliokwisha kupita. Mwanafunzi haulizwi kama Kusadikika inaweza kuwa mbele yake. Miongozo ya mitihani, ambayo baadhi ya wanafunzi huisoma badala ya riwaya zenyewe, imeukaza mtindo huu.

Matokeo yake yanaonekana katika riwaya zilizoandikwa baadaye. Tukitazama zile zilizotahiniwa nchini Kenya katika miaka ya karibuni, nchi ya kubuni bado ipo. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora imewekwa Tomoko. Chozi la Heri ya Assumpta Matei imewekwa Wahafidhina. Majina haya ni warithi halali wa Kusadikika, na ni ngao ya zamani ya mwandishi anayetaka kusema juu ya watawala bila kuwataja. Lakini saa katika nchi hizo ni saa yetu. Ardhi iliyoporwa, uchaguzi uliomwaga damu, wakimbizi wa ndani: yote ni mambo ya jana na leo. Riwaya ya vijana ya Kiswahili imehifadhi mahali pa kubuni ikaupoteza wakati wa kubuni.

Walenisi na wenzake

Haina maana kwamba hakuna aliyejaribu. Jaribio lililo karibu zaidi na bunilizi ya kisayansi ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kufa na watawala wa nchi yake na kutiwa katika chombo kinachopaswa kumwangamiza angani. Badala ya kufa, anafanikiwa kukiongoza chombo hicho na kutua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina la kitabu likitamkwa polepole hujifafanua: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 alikuwa ametiwa kizuizini na serikali ya nchi yake. Chombo cha Dzombo si pambo la kigeni. Ni adhabu ya dola iliyogeuzwa kuwa njia ya kutokea, na kijana wa miaka 16 hahitaji mhadhiri ili aelewe hilo.

Baadaye zilifuata Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila mwaka 2002, yenye msafiri anayepita katika magofu ya kijiji cha utandawazi, na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed mwaka 2001, ambamo mzee aliyekufa anarudi kumwonyesha mjukuu wake mkubwa serikalini nchi ilivyooza. Kabla yake Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Uhakiki umezisifu riwaya hizi kwa majaribio yao, na sifa hiyo imezigharimu. Zimezoeleka kuitwa ngumu, zikawa mali ya semina za vyuo vikuu. Kwa Nagona neno hilo linakubalika. Kwa Babu Alipofufuka limetiwa chumvi: vijana wanaofuata filamu za wafu wanaotembea hawawezi kushindwa na babu mmoja aliyetoka kaburini na hoja mkononi.

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi kuhusu jumuiya iliyofungiwa ndani, miaka 35 baada ya vita vya maji, ambako msichana anaotesha mbegu kinyume cha amri. Filamu inaitwa Pumzi. Wahusika wake hutumia Kiingereza.

Orodha zinazoandikwa sasa

Suala hili lina uharaka kwa sababu orodha mpya zinatungwa. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Uganda ilikiingiza katika masomo ya lazima ya madarasa ya mwanzo ya sekondari kupitia mtaala wa mwaka 2020, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi. Watayarishaji wa vitabu katika nchi hizo watavutwa kuchukua orodha za Nairobi na Dar es Salaam kama zilivyo, pamoja na maswali yake. Mwanafunzi wa Mbarara au Huye, ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwake, atakutana nacho kwanza kama lugha ya kueleza makosa ya zamani ya majirani.

Njia mbadala haihitaji fedha nyingi. Kando ya orodha inayotahiniwa inaweza kuwekwa orodha ya pili isiyotahiniwa, fupi, inayotunzwa na wakutubi na walimu wa vilabu vya Kiswahili, na inayopitiwa kila miaka miwili pamoja na vijana wenyewe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina mamlaka ya kikanda yanayotosha kuiratibu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ingeweza kufungua mlango maalumu kwa riwaya ya kesho kwa wasomaji wa miaka 13 hadi 18. Kwa kuanzia, orodha hiyo ingebeba Kusadikika, Shamba la Wanyama, Walenisi na Babu Alipofufuka, bila mwongozo wowote kuchapishwa pamoja navyo. Kazi ya kwanza kabisa ingekuwa ya kawaida tu: kuhesabu nakala ngapi za vitabu hivyo vinne bado zimo katika maktaba za shule za kanda, na zipi kati ya hizo ziko rafuni ambako mwanafunzi anaweza kuzishika.