Ukaguzi wa hali ya betri katika Linux

Ukaguzi wa hali ya betri ni kazi ya kerneli ya Linux ya kujua chaji iliyobaki kwenye kompyuta mpakato. Mtumiaji huona asilimia tu pembeni mwa skrini. Lakini zipo mashine ambazo kila namba hiyo inaposomwa, kishale cha kipanya husita, muziki hukatika na herufi huchelewa kutokea.

Chanzo ni urefu wa njia. Chini ya ACPI, kanuni zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, kerneli haiiulizi betri moja kwa moja. Huendesha programu fupi iitwayo _BST, ambayo mtengenezaji wa kompyuta ameiweka kwenye bayosi. Programu hiyo hurudisha mambo manne: kama betri inachajiwa au inatumika, kasi ya matumizi, kiasi kilichobaki na volteji. Ili kuyapata, kwa kawaida huiuliza chipu ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo hujibu baiti moja baada ya nyingine. Mara nyingi chipu hiyohiyo ndiyo inayohudumia kibodi, ndiyo maana vitufe navyo huathirika.

Kibaya zaidi ni pale bayosi inapoiingiza prosesa katika hali ya SMM. Humo mfumo endeshi husimamishwa kabisa, na muda unaopotea hauonekani hata kwenye top, programu ya kuonyesha matumizi ya prosesa. Wengi hubadilisha diski au kuongeza RAM bure kwa sababu hiyo.

Kipimo chake ni rahisi: andika `time cat /sys/class/power_supply/BAT0/uevent`. (Kwenye baadhi ya mashine betri huitwa BAT1.) Jibu likichukua sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, mhalifu amepatikana. Ukirudia, subiri sekunde mbili hivi, kwani kerneli huhifadhi jibu la mwisho kwa milisekunde 1000 na inaweza kukurudishia lilelile.

Muda huo wa kuhifadhi huongezwa kwa kigezo cha kerneli cha `battery.cache_time`, na hiyo ndiyo tiba ya kujaribiwa kwanza, pamoja na kuondoa vionyesha-chaji vinavyouliza kila sekunde. Chaji haibadiliki upesi kiasi hicho. Bayosi mpya ya mtengenezaji, ikiwepo, huweza kuondoa kasoro yenyewe. UPower, huduma inayofuatilia betri kwa niaba ya programu nyingine, nayo ina mpangilio wa `NoPollBatteries`, inayoizuia kuuliza kila baada ya muda na kuiacha ingoje taarifa za kerneli. Kwenye mashine isiyotuma taarifa hizo ipasavyo, asilimia huganda huku chaji ikiisha.