Sarafina!: Filamu ya shule isiyozeeka, kutoka Soweto hadi Kakuma

Miongoni mwa filamu za muziki zinazohusu maisha ya shule ya upili, inayotajwa zaidi duniani ni Grease, ya John Travolta na Olivia Newton-John, iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 16 Juni 1978. Ni filamu ya kumbukumbu. Walioitengeneza waliitazama miaka ya 1950 kwa jicho la huba, wakaisawiri shule kuwa uwanja wa mapenzi, magari na nywele zilizopakwa mafuta. Nchini Kenya, hata hivyo, filamu ya shule iliyokita mizizi ni nyingine, nayo imefungamana na tarehe iyo hiyo, 16 Juni, ila ya mwaka 1976, siku ambayo polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto.

Sarafina! ilianza kama tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema, aliyefariki Desemba 2023. Iliigizwa mara ya kwanza Juni 1987 katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, huku Hugh Masekela akichangia muziki. Mwaka huo huo ilivuka hadi New York, na kuanzia Januari 1988 hadi Julai 1989 ikaigizwa Broadway mara 597. Filamu yake, iliyoongozwa na Darrell James Roodt, ilitoka mwaka 1992. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ndiye mwalimu wa historia anayefundisha yasiyoruhusiwa, na marehemu Miriam Makeba ndiye mama, mtumishi katika nyumba ya Wazungu.

Mwaka huo wa 1992 ndio ilipoanzishwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayostahili kutafakariwa. Waliofika mwanzo walikuwemo maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakafukuzwa tena huko na vita mwaka 1991. Wengi hawakuwa na wazazi. Msemo uliosikika sana miongoni mwao ni kwamba elimu ndiyo mama na ndiyo baba.

Hapo ndipo tofauti ya Grease na Sarafina! inapojitokeza. Mtazamaji wa Grease anaikumbuka shule aliyokwisha kuimaliza. Kwa kijana wa Turkana, awe mkimbizi au mwenyeji, shule ya upili mara nyingi ni kitu kinachotafutwa bado: karo haijapatikana, mifugo imekufa kwa ukame, au darasa limefurika. Sare, kengele na gwaride la asubuhi, ambavyo kwa mtoto wa Nairobi huenda vikawa kero, huku ni dalili kwamba mtu amefika mahali. Katika Sarafina! gwaride hilo hilo linageuka muziki, sala ya Baba Yetu ikiimbwa na wanafunzi wote. Hakuna anayehitaji kujua Kizulu ili aielewe picha hiyo.

Lodwar ina sababu yake ya ziada. Sarafina huzungumza na picha ya Nelson Mandela aliyeko jela, akimweleza habari za siku yake kana kwamba ni jamaa wa karibu. Mji wa Lodwar unaijua hadithi ya kiongozi aliyefungiwa mbali na watu wake: Jomo Kenyatta, baada ya kifungo cha Lokitaung, aliwekwa hapo kuanzia 1959 hadi 1961.

Suala la lugha nalo ni zito. Wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sababu waliamriwa kusoma baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Shule za Kakuma hufuata mtaala wa Kenya, hivyo mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa nchini Kongo, au kwa Kiarabu nchini Sudan, hulazimika kuanza upya kwa Kiingereza na Kiswahili. Mazingira si sawa na wala hakuna dhuluma ya kulinganishwa na ile ya Soweto, lakini mtoto huyo anafahamu maana ya kukaa darasani akiwa bubu.

Shirika la FilmAid lilianza kazi Kakuma mwaka 2001, likionyesha filamu usiku, nje, kwa skrini kubwa iliyowekwa juu ya lori. Mbele ya hadhira kama hiyo, Sarafina! si burudani nyepesi. Wanafunzi katika filamu wanamchoma moto askari mweusi. Mwalimu wao anafia mikononi mwa polisi. Sarafina mwenyewe anateswa kizuizini. Mkimbizi anaweza kuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Walimu wanaoitumia filamu hii darasani hawana budi kuizungumzia sehemu ya askari, maana filamu yenyewe haiitukuzi: Sarafina anaishia kuitupa bunduki.

Kenya nayo imekuwa na Sarafina wake. Mwaka 2013 wasichana wa Butere walipigwa marufuku kuigiza Shackles of Doom kwa madai ya kuchochea ukabila, mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mchezo huo ulihusu jamii ya Kana, ambayo mafuta yaligunduliwa katika ardhi yake na wageni wakaufaidi utajiri. Mafuta ya Turkana yalikuwa yametangazwa Machi 2012, na jina Kana halikuhitaji kufafanuliwa. Aprili 2025 wanafunzi wa shule iyo hiyo waliondoka jukwaani Nakuru bila kuigiza Echoes of War, huku polisi wakirusha mabomu ya kutoa machozi nje.

Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na filamu hii ilipotoka ikawa na msimu wake. Siku nne baadaye, 20 Juni, ni Siku ya Wakimbizi Duniani.

Kinachosahaulika mara nyingi ni mama. Sarafina anamdharau kwa kuwapigia magoti waajiri wake, na ni baada ya kutoka kizuizini tu ndipo anapotambua kwamba magoti hayo ndiyo yaliyowalisha watoto. Filamu ilipotolewa upya Afrika Kusini tarehe 16 Juni 2006, kuadhimisha miaka 30 ya maandamano ya Soweto, ilirudishiwa sehemu iliyokuwa imekatwa, ambamo Khumalo na Makeba wanaimba pamoja, binti akimshukuru mama. Nakala za miaka ya 1990 hazina wimbo huo.