Wachoraji wa Florence na nusu ya elimu ya Cairo

Filippo Brunelleschi wa Florence husifiwa kwa kugundua jinsi ya kuonyesha umbali kwenye ubao bapa. Sifa anastahili, ila elimu aliyoitegemea ilikuwa na wenyewe. Karne nne kabla yake, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alipinga fundisho la Euclid na Ptolemy kwamba jicho hutoa miale. Nuru, alisema, hutoka kwenye kila nukta ya kitu na kuingia jichoni kwa mistari iliyonyooka. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, baadaye kwa Kiitaliano, na mchonga sanamu Lorenzo Ghiberti alinukuu sehemu zake kwa wingi.

Hata hivyo, wachoraji walichukua nusu tu. Brunelleschi alichora jengo la ubatizo kama lionekanavyo kutoka mlangoni mwa Kanisa Kuu, na penye anga akaweka fedha iliyong’arishwa ili mawingu halisi yaonekane humo. Akatoboa ubao huo tundu dogo kama dengu. Mtazamaji akachungulia kwa nyuma, mkononi ameshika kioo cha kuakisi mchoro. Alichungulia kwa jicho moja, akiwa ametulia tuli. Ibn al-Haytham alikuwa ameeleza zaidi ya hapo: macho ni mawili, huzunguka juu ya kitu, na akili hulinganisha na kukumbuka ndipo ikatambua. Hayo yote tundu lile liliyafungia nje.

Wapo watakaosema jiometri ya Euclid ilitosha. Hata Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435, aliandika kwamba mchoraji hana haja na ubishi wa miale inatoka wapi. Ni kweli kwa upande wa kupima. Lakini vitabu vya elimu ya kuona vilivyosomwa vyuoni Ulaya, kama cha John Pecham, vilijengwa juu ya kazi ya Ibn al-Haytham. Wengine watauliza kwa nini Cairo kwenyewe hawakuchora hivyo. Elimu haimlazimishi mtu kuitumia kwa namna moja: mafundi wa huko walielekeza jiometri kwenye nakshi za kuta na milango, ilhali wateja wa Florence walitaka watakatifu waliosimama ndani ya vyumba. Mfano ni Utatu, mchoro wa ukutani wa Masaccio wa miaka ya 1420: mistari ya kupimia aliyoikwaruza kwenye lipu ingali inaonekana.

Aliyeliona pengo ni Leonardo da Vinci. Aliandika kwamba mchoro, hata uwe bora namna gani, hauwezi kulingana na kitu kinachotazamwa kwa macho mawili, kwa sababu kila jicho huona sehemu yake nyuma ya kitu hicho.