Moto ya zamani: namna ya kuinunua na kuibadilisha bila kupoteza pesa ya familia

Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, moto ndiyo teksi, ndiyo gari ya mizigo, na mara nyingi ndiyo inabeba mgonjwa usiku. Moto mpya inaomba pesa ambayo vijana wengi hawana. Kwa hiyo wananunua ile iliyokwisha kutumika, kiisha wanaipeleka kwa fundi aibadilishe: portbagaji ndefu, vyuma vya kulinda miguu, taa kubwa, kiti kipya. Pesa yenyewe mara nyingi imetoka kwenye AVEC, ao mama ameuza kipande cha shamba. Moto ikikufa baada ya wiki mbili, deni linabaki. Haya hapa ni mambo ya kuangalia mbele ya kulipa, na mambo ya kubadilisha ao kuacha kiisha kulipa.

Italia iko karibu kuliko tunavyofikiri

Kununua moto ya zamani na kuigeuza si jambo la kwetu peke yetu. Kule Italia, kando ya ziwa Como, katika mji wa Mandello del Lario, iko kiwanda cha Moto Guzzi kilichoanza mwaka 1921. Moto zake za miaka ya 1970 zinatafutwa mpaka leo. Watu wa Ulaya wanazikata vizuia-matope, wanabadili kiti na usukani, kwa ajili ya uzuri. Sisi, kando ya Tanganyika, tunageuza kwa ajili ya kazi.

Tena Boxer tunazopanda ziko na undugu na Italia. Kampuni ya Piaggio ilitoa skuta ya Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 ikatoa Ape, ile ya magurudumu matatu. Katika miaka ya 1960, kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa ruhusa ya Waitalia hao. Ni Bajaj hiyo hiyo inayotoa Boxer, na jina lake ndilo watu wa Afrika Mashariki wameipa moto ya magurudumu matatu.

Kule na huku, sheria ya mnunuzi ni moja: unanunua kwanza karatasi na shasi. Moteri inatengenezwa. Shasi iliyopinda na karatasi za uongo hazitengenezeki.

Karatasi kwanza

Mbele ya kuwasha moto, tafuta nambari ya shasi. Kwa moto nyingi imegongwa kwenye chuma cha mbele, pale usukani unapozungukia. Ilinganishe na karte roze, herufi kwa herufi. Kama sehemu hiyo imesuguliwa, imepakwa rangi mpya ao imechomelewa, acha, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

Uliza pia karatasi za duane. Sisi tuko kwenye mpaka, na moto inaweza kuvuka kutoka Bujumbura ikiwa na plaki ya Burundi. Kama haikulipiwa DGDA, inaweza kukamatwa mikononi mwako, si mikononi mwa aliyekuuzia.

Kiisha andikeni hati ya mauzo: majina ya pande mbili, nambari za vitambulisho, nambari ya shasi na ya moteri, bei, tarehe, na mashahidi wawili. Shefu wa kartie akiweka mkono wake, ni vizuri zaidi. Neno la mdomo halitakusaidia siku mwenye moto wa kweli anapotokea.

Je, imekwisha kulala ndani ya maji?

Swali hili ni la Uvira hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na vyombo vingi. Miaka iliyofuata, ziwa nalo lilipanda mpaka ndani ya nyumba za Kavimvira. Moto iliyozama inaweza kuoshwa, ikapakwa rangi, ikauzwa kama nzuri.

Toa kiti, angalia kama iko mchanga kwenye pembe. Angalia kioo cha taa: matope makavu ndani yake ni alama mbaya. Angalia viungo vya nyaya: rangi ya kijani ni kutu ya shaba. Mwisho, angalia mafuta ya moteri. Yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia.

Na kama moto yako mwenyewe imezama, usiiwashe. Toa buji, mwaga maji, badilisha mafuta, safisha karburateri, kausha nyaya. Kuiwasha ikiwa na maji ndani kunaweza kupinda vyuma vya moteri.

Moteri na shasi

Fika bila kutoa habari mapema, na uguse moteri mbele ya yote. Ikiwa na joto tayari, pengine muuzaji anaficha shida ya kuwaka asubuhi. Subiri ipoe. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba moteri inakula mafuta yake: segma zimechoka. Moshi mweusi ni esanse nyingi ao filta chafu ya hewa. Hiyo si kazi kubwa.

Simama nyuma ya moto, angalia kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Vuta cheni kwenye gurudumu la meno la nyuma: ukiona nusu ya jino, imekwisha. Utabadilisha cheni na meno ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, juu ya meno ya zamani yanaharibu cheni mpya haraka.

Kubadilisha: nini ndiyo, nini hapana

Vyuma vya kulinda miguu ni vizuri. Portbagaji pia, lakini ifungwe kwa bulo kwenye sehemu ngumu za shasi, na mzigo usipite sana nyuma ya gurudumu. Mzigo ukivuta nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani haukutii tena, zaidi wakati wa kupanda.

Anayepanda Lemera na mzigo anaweza kuweka nyuma gurudumu lenye meno mengi zaidi. Moto itapata nguvu, lakini mbio itapungua, na kwenye barabara tambarare ya Sange moteri itapiga kelele.

Fundi akichomelea, atoe kwanza waya za bateri. Asichomelee karibu na nambari ya shasi wala pale usukani unapozungukia. Tangi ya esanse isiguswe na moto wa kuchomelea, hata ikiwa tupu: mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka.

Taa kubwa inaomba umeme zaidi. Bila fyuzi, waya inaweza kuungua. Na kutoboa bomba la moshi hakuongezi nguvu. Kunaongeza kelele, na kunavuruga mchanganyiko wa hewa na esanse. Vioo vya pembeni, acha pale.

Mbele ya kutoa pesa

Enda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Usimalize pesa yote kwenye bei: weka kando fungu moja kati ya matano kwa ajili ya mafuta, cheni, pine, freni na kaske. Na kama pesa ni ya AVEC, waonyeshe wenzako karatasi mbele ya kulipa. Deni ni la wote, macho nayo yawe ya wote.