Mzee Metchnikoff na Bakuli la Mtindi

Wadau, habari ya bakteria wa tumboni na uzee haikuanza jana. Mwaka 1907 Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliandika kuwa bakteria wa utumbo mpana hutoa sumu inayotuzeesha. Ushahidi? Wakulima wa Bulgaria, wanywaji mtindi waliosemekana kuishi miaka mingi. (Vyeti vya kuzaliwa je?) Mwenyewe akanywa maziwa ya mgando kila siku, akafa 1916, miaka 71.

London nako, kwa hofu hiyohiyo ya sumu, daktari mpasuaji Arbuthnot Lane aliwaondoa wagonjwa utumbo mpana mzima!

Mwaka 2021 Wajapani walichunguza vinyesi vya wazee waliofikisha miaka 100. Wakakuta bakteria wanaotengeneza asidi za nyongo zinazoua vijidudu hatari. Makazi yao? Utumbo mpana.