Statini: dawa ya kolesteroli iliyotoka kwenye kuvu ya mchele

Kolesteroli ni mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Mwili unayahitaji, lakini yakizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba, na mwisho moyo au ubongo ukakosa damu. Hadi miaka ya 1970 waganga hawakuwa na dawa nzuri ya kuyapunguza.

Mwaka 1971, Mjapani Akira Endo, mtafiti wa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alianza kutafuta dawa hiyo ndani ya kuvu, kwa kuwa penisilini nayo ilitoka huko. Yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000. Mwaka 1973 waliipata katika kuvu iliyoota kwenye mchele wa duka moja mjini Kyoto.

Kazi yake ni hii: sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe. Dawa huzuia hatua moja ya utengenezaji huo. Ini likipungukiwa, huvuta kolesteroli iliyo ndani ya damu, na damu hubaki na mafuta machache.

Safari haikuwa rahisi. Mwaka 1980 Sankyo iliacha dawa ya Endo kwa sababu ya mashaka yaliyotokea ilipojaribiwa kwa mbwa. Dawa ya jamii hiyohiyo, lovastatini ya kampuni Merck, ndiyo iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Lakini watu waliuliza: je, inaokoa maisha kweli? Jibu lilikuja mwaka 1994 kutoka nchi tano za kaskazini mwa Ulaya. Wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatwa kwa miaka zaidi ya mitano. Kati ya waliomeza simvastatini walikufa 182. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 256.

Faida hiyo ilitokana na kumeza kila siku, miaka na miaka. Kolesteroli haiumi, kwa hiyo mtu hujiona amepona na kuacha. Lakini akiacha, inapanda tena. Simvastatini humezwa jioni, maana ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Aliyesahau asimeze mara mbili kwa pamoja. Misuli ikiuma sana bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi, aende haraka kituo cha afya. Mwanamke mwenye mimba, na yule anayemeza dawa za Ukimwi au antibiotiki, amwambie munganga kwanza.

Kwa familia zinazokimbia vita, hapo ndipo hatari ilipo: dawa hubaki nyumbani. Anayeondoka abebe pakiti, hata ikiwa tupu, au karatasi ya munganga. Jina na kipimo vilivyoandikwa hapo vitamsaidia muuguzi wa mahali anapofikia kumwendeleza bila kubahatisha. Na asigawane vidonge na jirani. Kila mtu apimwe kivyake.