Nembo

Mjomba wangu alikuwa na nembo usoni. Mistari ya chale ilipanda mashavuni, ikapita juu ya nyusi na kukutana katikati ya paji la uso. Alichanjwa akiwa kijana huko Mueda, Msumbiji, kabla hajavuka Mto Ruvuma kuja Tanganyika kukata mkonge, kama walivyofanya Wamakonde wengi wa rika lake. Nilipopelekwa kwake Rondo mwaka 1986 kujifunza kuchonga, nilikuwa na miaka 14, na neno nembo nililijua kwa maana ya shuleni tu: Bibi na Bwana, alama ya taifa iliyotundikwa ukutani.

Mwaka wa kwanza sikuchonga kitu. Nilinoa tezo na patasi, nikachota maji, nikatazama. Kipande changu cha kwanza kilikuwa cha mti mweupe, laini. Mpingo nilikatazwa kuugusa. Mti huo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na Mjomba alisema anayeuharibu ameharibu kitu kilichoanza kuota babu yake hajazaliwa. Aliponiruhusu, alinifundisha kuondoa sehemu nyeupe ya nje hadi kiini cheusi kionekane, kisha kuweka tezo chini. Tulikizungusha kigogo siku nzima tukitafuta kinapopinda. Mpingo ni nadra kunyooka, na asiyefuata mpindo wake huishia kupata kuni.

Mwaka 1992 tulipeleka vinyago Mwenge, Dar es Salaam. Mgeni mmoja alisimama mbele ya kinyago cha ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, akauliza maana yake. Nilimjibu bila kusita kwamba ni mila ya mababu, ya miaka 500, na kwamba kila ukoo huwa na wake. Alilipa bila kuomba apunguziwe.

Mjomba alisubiri aondoke. Akaniita mjomba, kama alivyozoea, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi.

"Mjomba," alisema, "mimi ni mkubwa kuliko hicho kinyago."

Jioni ile alinieleza. Kazi ya zamani ya Wamakonde ilikuwa barakoa za mapiko, zilizochongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuzivaa jandoni. Hizo zilifichwa wanawake na watoto, seuze kuuzwa. Mnara wa watu ulikuja Dar es Salaam na mchongaji kutoka Msumbiji, Roberto Yakobo Sangwani, miaka ya 1950. Aliuita dimoongo, yaani nguvu, na inasimuliwa kwamba ulianza na mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilipokuwa likitafuta sura ya siasa yake, mshindi akageuka jamaa na mnara ukaitwa ujamaa. Vinyago vya shetani navyo vilianza na mtu mwenye jina, Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950. Husimuliwa kwamba mkono wa kinyago chake ulivunjika, na badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe kisicho cha dunia hii. Mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa na duka mjini, na wateja wa mashetani wakapatikana.

Niliona aibu kwa uongo wangu, lakini kilichoniumiza zaidi ni kingine. Kama kazi yetu imezaliwa juzi, kati ya mashamba ya mkonge na duka la mjini, basi tunatofautianaje na wale wanaopaka kiwi mti mweupe na kuuita mpingo?

Nilimuuliza hivyohivyo. Alichukua kidole changu akakipitisha kwenye chale za shavu lake.

"Hizi nazo zilianza siku moja," alisema, "kwa mkono wa mtu. Kiwi ni uongo kuhusu mti. Wewe umesema uongo kuhusu Sangwani. Umemzika, ukawapa mababu kazi yake."

Mjomba hayupo tena. Watoto wake hawakuchanjwa, na mimi sikuchanjwa. Nembo ile ilikwisha na rika lake. Ninapochonga ujamaa sasa, naanza na mtu wa chini kabisa, aliyewabeba wote, na usoni mwake nachora mistari ile, ikikutana katikati ya paji. Mteja akiuliza maana, namtajia Sangwani, mieleka, mkonge na mwaka 1967. Wapo wanaosikia umri wake wakashusha bei, au wakaenda kibanda cha jirani, ambako bado kina miaka 500. Wanaobaki huinama kutazama uso wa yule wa chini, kisha huniuliza ni nani.

Nawaambia ni mjomba wangu.